Kutunga Kwarteti Yako ya Kwanza ya Mandolini: Mwongozo kwa Wanaoanza

Maswali yale yale yamekuwa yakinifikia kutoka kwa vijana wa Tabora mjini, Urambo, Nzega na hata Kigoma. Je, wimbo niliouandikia kwaya naweza kuugawa kwa wapigaji wanne wa mandolini? Nani atapiga sauti ya chini wakati ala yake haipatikani huku kwetu? Kwa nini utungo wangu unapendeza ninapousikiliza kwenye simu, lakini watu wakiupiga unakuwa mtupu? Nimeona ni vyema nijibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa na ala mkononi.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayesoma noti au solfa, aliyewahi kuimba au kufundisha sauti nne, na ambaye sasa anataka kutunga muziki wake mwenyewe wa kusikilizwa, usio na maneno, kwa watu wanne wanaopiga ala za familia ya mandolini. Karibu kila kosa ninaloliona kwenye tungo za wanaoanza linatokana na jambo moja. Sauti ya mandolini huzimika muda mfupi sana baada ya kupigwa, na mtunzi aliyelelewa na kwaya huandika kana kwamba haizimiki. Mwimbaji anaweza kushikilia noti kwa mapigo manne na kuiongezea nguvu njiani, lakini uzi wa chuma ulioguswa na piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) umekwishatoa karibu kila kitu ilichonacho noti hiyo kabla pigo la pili halijafika.

Kuhusu ala zenyewe

Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne, na nyuzi mbili za kila jozi hutyuniwa sauti moja. Jozi hizo, kutoka ya chini kwenda ya juu, ni G, D, A na E, sawasawa na fidla. Mandola ni kubwa kidogo na jozi zake ni C, G, D na A. Mandoselo ni kubwa zaidi, nayo ina C, G, D na A zilizo oktava moja chini ya zile za mandola, kama selo. Kwa kuwa katika ala zote tatu kila jozi iko umbali wa Do hadi Sol kutoka jozi jirani yake, mtu anayeifahamu mandolini atajikuta anazielewa zile nyingine haraka.

Kwarteti ya ala hizi ilikomaa Italia katika karne ya 19. Carlo Munier, mzaliwa wa Napoli aliyefanya kazi Firenze, aliiandikia muziki mwingi, na Raffaele Calace wa Napoli (1863–1934) alikuwa mtunzi, mpigaji na pia fundi wa kutengeneza ala hizo. Kuna mipangilio miwili iliyozoeleka. Wa kwanza una mandolini mbili, mandola na mandoselo, na wa pili una mandolini mbili, mandola na gitaa. Kwetu Tabora ala hii si ngeni kabisa, kwani bendi ya Kiko Kids ya hapa hapa ilisikika ikiwa na mandolini katika muziki wa dansi, na watu wa taarabu wa pwani nao wameitumia kwa muda mrefu. Kilicho kigeni ni kukaa wanne, bila ngoma wala kipaza sauti, na kuupiga utungo ulioandikwa noti kwa noti.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Jambo la kwanza ni wapigaji wanne wanaojulikana kwa majina. Usiandike kwa ajili ya wapigaji wa kufikirika, maana utungo wa kwanza hufaulu unapoandikwa kwa vidole vya watu unaowafahamu.

Mandolini mbili hupatikana kwa kuagiza Dar es Salaam. Mandola na mandoselo ni adimu, na pengine hutaziona kabisa. Hilo lisikuzuie. Sehemu ya mandoselo ipigwe kwa gitaa la kawaida, na sehemu ya mandola ipigwe kwa gitaa la pili, hasa lenye nyuzi za nailoni, ambalo sauti yake ni laini na haigombani na mandolini. Kumbuka tu kwamba sauti ya chini kabisa ya gitaa ni E, kwa hiyo noti za mandoselo zilizo chini ya hapo gitaa halitazifikia.

Uwe pia na seti mbili za nyuzi za akiba kwa kila mandolini (uzi wa E ndio hukatika mara nyingi zaidi, na basi la kutoka Dar es Salaam halitakungojea siku ya onyesho), piki nene zenye unene wa milimita 1 au zaidi, programu ya kutyunia iliyowekwa A 440, metronomu ya kuhesabia mapigo, na simu ya kurekodia mazoezi. Kwa kuandika, karatasi ya mistari mitano inatosha. Mwenye kompyuta atumie MuseScore, ambayo ni programu ya bure.

Tahadhari kuhusu nyuzi: mandolini za zamani zenye mgongo wa mviringo zilitengenezwa kwa nyuzi nyembamba. Ukizifunga nyuzi nene, shingo inaweza kupinda na ubao wa mbele ukadidimia. Anza na seti nyepesi ambayo uzi wake wa E una unene wa inchi 0.010, na kwa ala ya zamani tafuta seti nyepesi kuliko hiyo. Vilevile usijaribu kupata mandola kwa kulegeza nyuzi za mandolini hadi C, G, D na A, kwa sababu zitalegea mno, zitagonga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingoni) na hazitakaa kwenye sauti.

Hatua ya 1: Kagua ala zote nne

Ala isiyo sawa itakufanya uulaumu utungo bure. Kwenye mandolini, kile kidaraja cha mbao kinachoinua nyuzi hakikubandikwa kwa gundi, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Kwa sababu hiyo, unapobadilisha nyuzi, badilisha mmoja baada ya mwingine. Ukizitoa zote kwa pamoja kidaraja kitaanguka na kupoteza mahali pake.

Kuhakiki mahali pake, gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 na uupige, usikie ile sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha bonyeza uzi huo huo kwenye freti ya 12 na uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Iwapo ya kubonyeza iko juu zaidi, sogeza kidaraja nyuma kidogo, mbali na shingo, na iwapo iko chini, kisogeze mbele. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kusogeza, na usogeze kwa unene wa ukucha tu kila mara.

Kutyuni jozi kuna utaratibu wake. Zuia uzi mmoja wa jozi kwa ncha ya kidole, tyuni ule mwingine kwa programu huku ukiupandisha kutoka chini, kisha achia wa kwanza na uulinganishe na mwenzake kwa sikio. Zikiwa zimekaribiana lakini hazijalingana utasikia sauti ikipepea, na kadiri zinavyosogeleana mpepeo unapungua kasi hadi unatoweka. Wengi hutegemea programu kwa nyuzi zote nane, na ndiyo maana mandolini zao hulia kama zina ufa.

Kwa wakazi wa Tabora, miezi ya kiangazi ina ukavu unaosinyaza mbao na kuhamisha sauti za nyuzi kati ya asubuhi na alasiri. Weka ala ndani ya boksi lake pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu kilichofungwa ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa, na usiiegeshe ukutani panapopigwa na jua.

Hatua ya 2: Andika mipaka ya kila mpigaji

Chukua karatasi, na kwa kila mpigaji uandike noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ambayo anaipiga vizuri bila kuhangaika. Kwa anayeanza, mandolini iishie kwenye B ya jozi ya E, yaani freti ya 7. Mandola na mandoselo ziishie kwenye E ya jozi ya A, nayo ni freti ya 7. Gitaa linaloshika nafasi ya mandola liishie freti ya 7 ya uzi wa kwanza, ambayo pia ni B.

Tazama pia umbali wa vidole. Kwenye mandolini freti zimekaribiana, kwa hiyo kidole kimoja husimamia freti mbili, kwa mpangilio wa vidole kama wa fidla. Mandoselo na gitaa zina shingo ndefu, na kila kidole kinatosha freti moja. Mruko wa noti ambao mpiga mandolini ataucheza bila kufikiri unaweza kumshinda kabisa mpiga mandoselo, ingawa jozi zimepangwa kwa namna ile ile.

Kabla ya kuandika noti yoyote ya mandola, uliza inatyuniwa vipi. Katika nchi kadhaa za Ulaya ala inayoitwa mandola hutyuniwa G, D, A na E, oktava moja chini ya mandolini, na sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya mandola ya C haitampendeza mwenye ala hiyo.

Hatua ya 3: Chagua Do

Chagua Do iwe G, D, C au A. Sababu ni za mikono. Katika Do hizo, noti nyingi muhimu hupatikana kwenye jozi zilizo wazi, ambazo hazihitaji kubonyezwa, na jozi iliyo wazi hulia kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi kuliko iliyobonyezwa. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya G kwenye mandolini, kutoka jozi ya G kwenda ya E, ni freti 0, 0, 2, 3. Kodi ya D ni 2, 0, 0, 2. Kodi ya C ni 0, 2, 3, 0. Mpigaji wa miezi michache anaziweza zote tatu.

Do ikiwa E flati au A flati, jozi za A na E zilizo wazi zinakuwa hazina kazi na ala nzima inafifia. Viongozi wa kwaya hupenda Do hizo kwa sababu zinawakaa waimbaji, kisha huzihamishia kwenye mandolini bila kufikiri. Shusha au pandisha hadi G au D, na utasikia tofauti katika kipimo cha kwanza tu.

Hatua ya 4: Tunga wazo fupi, ukiwa na ala mkononi

Wazo la kwanza liwe la vipimo vinne, na lipatikane kwenye mandolini yenyewe. Wazo lililotungwa kwa kuimba huja na pumzi ya mwimbaji, yaani noti ndefu mwishoni mwa kila mstari. Lililotungwa kwa piki huja na mwendo, na mwendo ndio unaoitunza ala hii.

Liwe lako. Kuchukua wimbo wa kitabu cha kanisani na kuupanga kwa ala nne ni kazi nzuri na inafundisha mengi, ila ni mpangilio tu, na huwezi kuuita utungo wako. Ukitaka ladha ya nyumbani, ichukue kwenye mapigo. Ngoma nyingi za huku Unyamwezini zina mwendo wa sita kwa nane, ambamo sikio linaweza kuhesabu mawili au matatu ndani ya muda ule ule. Mandolini inaubeba mwendo huo vizuri sana. Mkono wa kulia ucheze chini-juu-chini, chini-juu-chini, ili pigo la kwanza na la nne yote yaangukie piki inayoshuka, na mkazo utajitokeza wenyewe bila mpigaji kuulazimisha.

Ukiwa na vipimo vinne, vicheze mfululizo hadi uviweze bila kutazama, kisha uvirekodi. Ukivisikiliza kesho yake na bado vinakuvuta, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Gawa kazi nne tofauti

Hapa ndipo utungo unapofaulu au kushindwa, na ninakuomba uipe hatua hii muda kuliko zote.

Chukua kipimo kimoja cha mapigo manne, Do ikiwa G. Mtunzi wa kwaya ataandika hivi: sauti ya kwanza Sol, ya pili Mi, ya tatu Sol ya chini na ya nne Do, zote zikishikwa mapigo manne. Wape wapigaji wanne wa mandolini kipimo hicho na utasikia mgongano mmoja wa chuma, kisha ukimya unaokaribia mapigo matatu. Sasa andika kipimo hicho hicho kwa namna hii:

Mandolini ya kwanza ipige Sol, yaani D kwenye freti ya 5 ya jozi ya A, kwa tremolo (piki ikishuka na kupanda kwa haraka, kama hatua ya 6 inavyoeleza) ya mapigo yote manne.

Mandolini ya pili ipige noti nane za nusu pigo: Do kwenye jozi ya G iliyo wazi, Sol kwenye jozi ya D iliyo wazi, Mi kwenye freti ya 2 ya jozi ya A, kisha Sol tena, na kundi hilo lirudiwe. Kwa kuwa noti hizo ziko kwenye jozi tatu tofauti, kila moja inaendelea kulia wakati inayofuata inapigwa, na kidole kinachobonyeza ni kimoja tu.

Mandola ikae kimya kwenye pigo la kwanza na la tatu, na kwenye pigo la pili na la nne ipige Mi na Sol pamoja: freti ya 4 ya jozi ya G na jozi ya D iliyo wazi.

Mandoselo ipige Do kwenye pigo la kwanza na Sol kwenye pigo la tatu, zote kwenye jozi zilizo wazi, G kisha D.

Kodi ni ile ile, na hakuna noti mpya iliyoongezwa. Hata hivyo, katika kila nusu ya pigo kuna mtu anayegusa uzi, na msikilizaji anapata hisia ya sauti isiyokatika. Wape wapigaji wako vipimo hivi viwili, cha kwanza na cha pili, mfululizo, ili wajionee wenyewe kabla hujawaeleza lolote.

Kutoka hapo, kanuni ni chache. Katika kila kipimo awepo mmoja anayebeba wimbo, mmoja anayetunza mwendo wa noti ndogo ndogo, mmoja anayeweka mapigo ya kati na mmoja anayeshika besi. Kisha, baada ya vipimo vinane au zaidi, wabadilishane. Mpe mandola wimbo katika sehemu ya katikati, huku mandolini mbili zikipiga kwa wepesi juu yake, na utagundua kwamba sauti yake ya kifua ndiyo watu wanayoikumbuka wakienda nyumbani. Mtunzi anayemwachia mandolini ya kwanza wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho amewageuza wenzake watatu kuwa wasindikizaji, na atawapoteza mazoezini.

Makosa ya kuepuka hapa: usiweke Do na Mi zilizokaribiana kwenye jozi mbili za chini za mandoselo, kwa sababu zitavuruga sikio, na badala yake tumia Do na Sol au Do na oktava yake. Usiandike noti za haraka zinazoruka jozi moja au mbili kila mara, maana piki haifiki. Na usiogope kumnyamazisha mtu. Kipimo chenye ala mbili tu, baada ya vipimo kadhaa vya ala nne, kina thamani kubwa kuliko noti nyingine yoyote unayoweza kuongeza.

Hatua ya 6: Amua mahali pa tremolo

Tremolo ni kupiga noti moja kwa piki inayoshuka na kupanda kwa haraka ili noti ionekane inashikika. Mpigaji wa kawaida anaweza kutunza mapigo manane ya piki kwa sekunde, na wazoefu huzidi hapo. Kwa kasi ya 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, hiyo ni mipigo minane kwa kila pigo la metronomu, na kwa kasi ya 120 ni minne.

Itumie kwa noti zinazostahili kuimba, na itumie kwa mtu mmoja au wawili kwa wakati mmoja. Wote wanne wakipiga tremolo kwa dakika nzima, mikono inachoka na muziki unageuka mvumo wa nyuki uliozibana sauti zote. Andika mistari mitatu midogo kwenye shina la kila noti yenye tremolo, na noti zinazopaswa kuunganishwa bila piki kusimama ziwekee upinde juu. Usimwachie mpigaji akisie. Noti ndefu isiyo na alama yoyote, mmoja ataipiga mara moja na mwingine ataitia tremolo, na mazoezi yatasimama kwa mabishano.

Hatua ya 7: Panua hadi vipimo 48

Utungo wa kwanza uwe mfupi. Vipimo 48 vya mapigo manne, kwa kasi ya 96, ni dakika 2 kamili. Sehemu ya kwanza ichukue vipimo 16, ya pili 16 yenye Do nyingine au mwendo mwingine, kisha ya kwanza irudi kwa vipimo 16 ikiwa imebadilishwa, kwa mfano mandoselo ikibeba wimbo uliokuwa wa mandolini. Zaidi ya hapo, subiri utungo wa pili.

Hatua ya 8: Andika karatasi safi

Andaa karatasi kuu yenye sauti zote nne, na karatasi moja kwa kila mpigaji. Mandolini iandikwe kwenye ufunguo wa G. Mandoselo iandikwe kwenye ufunguo wa F. Mandola ya C inaweza kuandikwa kwenye ufunguo wa fidla kubwa, lakini huku kwetu ni wachache wanaousoma, kwa hiyo tumia ufunguo wa G wenye nane ndogo chini yake, unaomaanisha kwamba sauti inatoka oktava moja chini ya ilivyoandikwa. Gitaa huandikwa vivyo hivyo. Kama mpigaji wako anasoma solfa tu, mwandikie solfa bila kusita, ila namba za freti kwa noti ngumu ziwekwe juu.

Weka namba ya kipimo mwanzoni mwa kila mstari, na herufi A, B, C mahali sehemu mpya zinapoanza. Karatasi ya mpigaji isizidi kurasa mbili zinazotazamana, kwa sababu hakuna mkono wa kufunulia ukurasa.

Tahadhari kuhusu kompyuta: sauti ya MuseScore haichoki, haikosei kuruka jozi, na hulinganisha ala nne kwa namna ambayo chumba chenye watu hakiwezi. Itumie kukagua noti zilizokosewa. Usiitumie kuamua kama utungo ni mzuri.

Hatua ya 9: Mazoezi ya kwanza

Kaeni nusu duara, mandolini ya kwanza upande mmoja na mandoselo au gitaa upande wa pili, mkiweza kuonana mikono. Anzeni kwa kasi ya 60. Wapige wawili wawili kwanza: mandolini ya pili na besi, kisha mandolini ya kwanza na mandola, ndipo wote wanne. Mtunzi asipige siku hiyo, hata kama yeye ni mpigaji hodari, na akae na karatasi kuu na penseli umbali wa hatua tano au sita. Rekodi yote kwa simu iliyowekwa mahali pale alipoketi.

Mpigaji akikosa mahali pale pale mara tatu, chukulia kwamba kosa ni la karatasi. Hamisha noti hiyo kwenye jozi nyingine, au mpe mwenzake aliye jirani nayo.

Hatua ya 10: Sahihisha, kisha weka jina na tarehe

Baada ya mazoezi mawili au matatu, andika upya vipimo vilivyokataa. Kisha andika jina lako, mwaka na toleo kwenye kila karatasi, na uzichome moto nakala za zamani ili zisichanganyike. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inautambua utungo kuwa wako, na kuusajili kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kunakupa ushahidi iwapo mtu atauchukua.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Muziki unasikika mtupu. Rudi hatua ya 5 na uhesabu, katika kila nusu pigo, kama kuna mtu anayegusa uzi. Mahali palipo na pengo usilolikusudia, mpe mandola noti.

Mandolini mbili zinagombana. Huenda zote ziko kwenye noti za karibu sana na zinapiga mwendo mmoja. Ishushe ya pili kwenye jozi za G na D, au ifanye iingie nusu pigo baadaye.

Gitaa linaloshika besi halisikiki. Gitaa chini ya mandolini mbili za nyuzi za chuma huzidiwa, hasa likiwa la nailoni. Punguza tremolo ya juu kabla ya kumwambia mpiga gitaa aongeze nguvu, na noti zake za pigo la kwanza mpe nafasi kwa kuzichelewesha mandolini nusu pigo.

Kasi inapanda kadiri mnavyoendelea. Mara nyingi anayeharakisha ni mwenye noti ndogo ndogo. Mwambie ahesabu kwa sauti huku akipiga, na besi peke yake iwe na metronomu sikioni.

Piki inatoa kelele ya kugonga kuliko noti. Piki ni nyembamba mno, au imeshikwa kwa kubanwa sana, au inapiga karibu mno na kidaraja. Sogea kuelekea tundu la sauti.

Sauti inahama katikati ya utungo. Nyuzi mpya hulegea kwa siku chache za mwanzo. Zifunge angalau siku tatu kabla ya onyesho, na tyuni upya baada ya ala kukaa dakika kumi ndani ya ukumbi wenyewe.

Ukumbi unameza muziki. Sakafu ya simenti au vigae na kuta tupu zinaisaidia mandolini, ilhali mapazia na umati mkubwa vinainyonya. Wasogeze wasikilizaji karibu, wakae pande tatu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, chagua ukumbi wenye dari, kwa sababu mvua ikianza kupiga kwenye bati tupu hakuna kwarteti ya nyuzi inayoweza kushindana nayo. Ikiwa ukumbi pekee mlioupata hauna dari, pangeni onyesho asubuhi, na utungo wenye sehemu za kimya zaidi upigwe wa kwanza.